Vidukari wa mierebi: je, wa kijani ni watoto wa wale wakubwa wa kijivu?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninafanya kazi ya kutunza bustani kusini mwa Uingereza. Mwezi Mei niliona vidukari wadogo wa kijani chini ya majani ya mierebi iliyo kando ya bwawa. Mwezi Oktoba, mierebi ileile ilikuwa na vidukari wakubwa wa kijivu waliofunika mashina, na nyigu wamejaa tele kuwazunguka. Je, wale wa kijani walikuwa watoto wa hawa? Nitawatambuaje kwa majina ya kitaalamu?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Mtoto wa kidukari hufanana na mama yake kwa umbo tangu anapozaliwa, isipokuwa kwamba ni mdogo na mkia wake haujakamilika, na hupevuka kwa muda mfupi kiasi kwamba wa Mei hawezi kuwa bado anakua mwezi Oktoba. Uliowaona ni spishi tofauti, tena za nusufamilia (kundi ndani ya familia moja ya wadudu) tofauti. Kinachowapotosha wengi ni rangi, kwa sababu spishi moja inaweza kuwa na rangi mbili au tatu, na spishi nyingi za vidukari wa mwerebi ni za kijani. Nakushauri uanze kwa kutazama mdudu anakula sehemu gani ya mti, kisha mirija miwili iliyo nyuma ya mgongo wake, kisha mkia, na rangi uiache mwisho.

Wale wa Oktoba ni rahisi. Kidukari anayefika karibu milimita 6, anayefyonza utomvu kupitia gome la shina au tawi, na mwenye nundu moja nyeusi iliyochongoka katikati ya mgongo mithili ya mwiba wa waridi, ni Tuberolachnus salignus wa nusufamilia ya Lachninae. Nundu hiyo peke yake inatosha kumtambua. Mirija yake si mirefu bali ni vilima vifupi vyeusi vyenye vinyweleo, na ukimponda huacha doa jekundu linaloshika vidoleni. Madume wa spishi hii hawajulikani. Majike huzaa majike wenzao bila kupandwa, na makundi hukua hadi mwisho wa mwaka. Nyigu hawakuja kwa ajili ya vidukari wenyewe, bali kwa majimaji ya sukari wanayoyatoa, ambayo pia ndiyo huotesha ukungu mweusi juu ya magome.

Usimchanganye na Pterocomma salicis, ambaye pia hukaa kwenye matawi na mara nyingi hulindwa na sisimizi. Huyu ni mdogo zaidi, ana madoa meupe mgongoni, na mirija yake ya rangi ya chungwa imetuna katikati. Uainishaji wake una historia ya kuvutia: kwa muda mrefu jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Pterocomma ilitengewa nusufamilia yake, lakini uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ni jamaa wa karibu wa Cavariella, vidukari wadogo wa majani ya mwerebi uleule, na sasa huwekwa pamoja nao ndani ya Aphidinae.

Wale wa Mei ndio wanaohitaji lenzi. Kama nyuma ya mdudu, juu tu ya mkia, kuna kijinundu kinachofanana na mkia wa pili, hiyo ni Cavariella. Ndani ya jenasi hiyo, mirija iliyotuna inaelekeza kwa spishi kama C. aegopodii, na mirija iliyonyooka bila kutuna inaelekeza kwa C. theobaldi, na uthibitisho hutolewa kwa kupima pingili za vipapasio (nyuzi mbili za kichwani) chini ya hadubini. Mayai yao hupitisha majira ya baridi kwenye mwerebi, na mwanzoni mwa kiangazi wenye mabawa huhamia kwenye mimea ya jamii ya karoti. C. aegopodii husambaza virusi vya karoti, hivyo aliye na shamba la karoti jirani ana sababu ya kumfahamu.

Kama hakuna kijinundu hicho, tazama tena. Mirija mifupi sana, mwili wenye nywele nyingi na mkia wenye kifundo nchani ni dalili za Chaitophorus, ambao hawahami mti. Kundi lililosongamana kwenye ncha za machipukizi, lenye mirija iliyopauka, huenda ni Aphis farinosa. Yeye hutoa madume na majike watagao mayai katikati ya kiangazi, mapema kuliko vidukari wengi.

Picha pekee hazitoshi kufika kwenye spishi kwa hawa wa majani. Chukua majike wapevu wasio na mabawa pamoja na watoto wao, kwa maana mmoja mwenye mabawa anaweza kuwa mpita njia tu. Wapige picha wakiwa hai, kwa kuwa rangi hufifia ndani ya kihifadhi, kisha uwatumbukize kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Kwenye lebo andika tarehe, mahali, sehemu ya mti, na spishi ya mwerebi wenyewe, kwa kuwa baadhi ya Chaitophorus huchagua mierebi ya majani mapana na wengine ya majani membamba.