Mzio mkali bila vipele

Umeuliza kama mtu asiye na vipele anaweza kuwa na mzio mkali. Anaweza: ngozi ya baadhi ya wagonjwa hubaki safi kabisa, huku koo likibana, sauti ikikwaruza, pumzi ikitoa mluzi, au shinikizo la damu likishuka hadi wazirai, mara nyingi dakika chache tu baada ya kula kitu, kuumwa na nyuki au kupewa dawa. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje, wala si vidonge vya mzio, ambavyo hutuliza mwasho lakini havifungui njia ya hewa. Hata akipata nafuu apelekwe hospitali, kwa kuwa dalili zaweza kurudi saa kadhaa baadaye.