Mvua ya usiku imezidi juu ya ziwa kwenye WRF, tatizo liko wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Kigoma nafanya utafiti wa masters, naendesha WRF (modeli ya kompyuta ya hali ya hewa) kwa gridi ya kilomita 9, hali ya hewa nachukua ERA5 (data ya hali ya hewa ya dunia nzima) na joto la maji nachukua OISST, mwezi wa tatu. Usiku mvua juu ya Ziwa Tanganyika inakuwa nyingi mno hadi naona aibu kumuonesha msimamizi. Nimebadili skimu ya mawingu (njia ya modeli kukokotoa mawingu na mvua) mara nne, wapi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mawingu yaache kwanza, hayana kosa. Rudi nyuma kwenye met_em (mafaili ya data iliyoandaliwa kwa ajili ya WRF), fungua ile SST, yaani joto la juu la maji, na ncview (programu ya kutazama mafaili hayo) halafu sogeza kimshale juu ya ziwa, soma namba. Ukikuta 302 na kitu Kelvini, yaani nyuzi 29 hivi, na namba inafanana karibu kila mahali toka Kigoma mpaka Mpulungu kule Zambia, ncha ya kusini ya ziwa, basi ujue hilo siyo joto la Tanganyika, hilo ni joto la bahari ya Dar!

Inakuwaje? OISST ni data ya bahari, ziwa letu mara nyingi halina namba yake humo. Sasa metgrid, programu inayohamisha data kwenda gridi yako, akifika kwenye seli ya maji isiyo na thamani haachi wazi, kwenye METGRID.TBL (faili la maelekezo yake) ameambiwa search, anatafuta thamani halali ya karibu hata kama iko kilomita elfu moja, na kwa sisi wa Kigoma bahari ya karibu ni ya Hindi. Mwezi wa tatu bahari pale imechemka, ila ziwa linakuwa 26 au 27. Utasema nyuzi mbili tu hizo, lakini kila nyuzi moja inaongeza mvuke hewa inaoweza kubeba kwa asilimia 6 au 7, na usiku ndo ziwa linafanya kazi yake, nchi kavu imepoa, upepo unashuka toka milimani pande zote mbili unakutana katikati ya maji, hewa inapanda. Wavuvi wa dagaa pale Kibirizi wanaijua vizuri mvua hiyo. We umeipa tu kuni za ziada.

Kabla ya kurekebisha hakikisha modeli inajua kwamba lile ni ziwa. Kwenye geo_em (faili la ardhi na milima linalotengenezwa na programu ya geogrid) angalia ISLAKE, namba ya aina ya ardhi inayoitwa ziwa, ikiwa 21 sawa, ikiwa -1 maana yake tabaka la ardhi ulilotumia halitofautishi ziwa na bahari, rudia geogrid na MODIS (ramani ya aina za ardhi kutoka setelaiti) yenye maziwa.

Hapo wengi watakwambia endesha avg_tsfc.exe, inachukua wastani wa joto la hewa karibu na ardhi kwa siku nzima inaandika faili la TAVGSFC, kisha unaitaja kwenye constants_name ya mipangilio ya metgrid ili litumike kama joto la ziwa. Ni njia rasmi na inafaa sehemu nyingi ila kwa Tanganyika mi siipendi. Ziwa liko mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari, pembeni kuna milima ya Mahale inayopita mita 2,400 na upande wa Kongo nako milima, gridi ya ERA5 ina kilomita 31 kwa hiyo seli moja inachanganya maji na mlima, wastani unatoka baridi kuliko maji yenyewe. Utatoka kwenye mvua kupita kiasi uingie kwenye ukame wa usiku, halafu utaniandikia tena.

Ninachofanya mimi: ERA5 yenyewe ina modeli ya ziwa ndani yake inaitwa FLake, kuna kigezo cha joto la tabaka la juu la ziwa lililochanganyika. Kipakue, kisogeze kwenye gridi yako, halafu kwa Python kidogo andika juu ya SST kwenye kila met_em pale tu LU_INDEX (aina ya ardhi ya seli) ni 21, yaani ziwa. TAVGSFC usiiweke. Kisha rudia real.exe, programu inayotengeneza mafaili ya kuanzia ya WRF, na kama umewasha sst_update=1 (joto la maji libadilike wakati modeli inaendeshwa) hakikisha faili la wrflowinp nalo limepata namba mpya, hapa watu wengi wanasahau wanabaki kulalamika hakuna kilichobadilika. Faida nyingine hupati namba moja ziwa zima, maana ukija kuendesha mwezi wa saba kusi ikivuma maji baridi yanapanda upande wa kusini, kule kunapoa wakati Kigoma bado kuna joto.

Sf_lake_physics, modeli ya ziwa iliyo ndani ya WRF, kwa mwezi mmoja nisingewasha. Kina chake cha kawaida ni mita 50, ziwa letu wastani ni kama 570, sehemu ya ndani kabisa 1,470, utahitaji muda mrefu wa kulituliza kabla hujaamini chochote.

Alafu angalia na HGT_M (urefu wa ardhi kwenye geo_em) juu ya maji. Gridi ikilainisha milima mikali ya huku seli za pembeni zinapandishwa, nimeshakuta ziwa lina mteremko wa mita 200, maji yanapanda mlima jamani. Zishushe ziwe 773 zote. Upande wa Tabora misitu ya miombo ikitokea kama savana yenye miti usihangaike nayo, ndivyo MODIS inavyoiita.

Endesha siku tatu tu za mwanzo kabla hujarudia mwezi mzima, toa ramani ya mvua ya saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi kwa zile SST mbili, niletee tofauti tuitazame.