Mmeuliza kuhusu "I, Daniel Blake"

Tangu niisifu filamu hii ya mwaka 2016 ya mwongozaji Mwingereza Ken Loach, maswali hayakatiki. Nimechagua matano.

Inahusu nini hasa? Mimi nimeona bango tu. (Msomaji, Tanga)

Daniel ni fundi seremala wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, mgane wa miaka 59, aliyepatwa na mshtuko wa moyo kazini. Daktari kamkataza kazi. Lakini posho ya ugonjwa inaamuliwa kwa mahojiano: unaweza kuinua mkono kichwani kana kwamba unavaa kofia? Anapata pointi 12, zinatakiwa 15. Basi ni mzima! Ili apate posho ya wasio na ajira, sharti atafute kazi saa 35 kwa wiki, kazi ambayo hata akiipata hawezi kuifanya. Na fomu ziko kwenye kompyuta. Anaambiwa apeleke kipanya juu ya skrini, naye anakinyanyua mezani na kukibandika kwenye kioo. Nilicheka, kisha nikajuta. Sisi tunaojua kuzungushwa maofisini hatuhitaji mkalimani hapo.

Eti waigizaji hawakupewa hadithi yote? (Msomaji, Nakuru)

Ndivyo Loach afanyavyo: anapiga picha kwa mfuatano wa hadithi, na kurasa zinatolewa kidogo kidogo. Dave Johns, aliyeigiza Daniel, ni mchekeshaji wa jukwaani. Tazama pale kwenye kituo cha chakula cha msaada. Katie, mama wa watoto wawili aliyehamishiwa Newcastle kutoka London kwa kukosa nyumba, anajificha kwenye rafu, anafungua kopo na kula kwa kiganja, mchuzi ukimchuruzika. Kamera haimkimbilii usoni, inabaki mbali kama mtu mwenye haya. Wahudumu pale ni watu wanaoifanya kazi hiyo kweli.

Filamu huru maana yake haina pesa? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Hii ilipata fedha za BBC Films, za BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza inayogawa pesa za bahati nasibu ya taifa, na za washirika wa Ufaransa na Ubelgiji. Ila hakukuwa na studio ya Hollywood ya kudai mwisho wa kufurahisha.

Waliiuzaje bila bajeti ya matangazo? (Msomaji, Dodoma)

Mei ilitwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, ya pili kwa Loach baada ya ile ya 2006. Oktoba ikaingia sinema za Uingereza, ikapelekwa pia kwenye kumbi za mitaani. Halafu wanasiasa wakaitangaza bure. Damian Green, waziri wa kazi na pensheni wakati huo, alisema haiwatendei haki wafanyakazi wa ofisi za ajira, huku akikiri hajaiona. Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani wakati huo, akamwambia waziri mkuu Theresa May bungeni akaitazame. Tangazo kama hilo hulinunui.

Mimi lawama yangu ni nyingine: maskini wa Loach karibu wote ni wema mno. Afadhali Ann, mtumishi wa ofisi hiyohiyo, anayekaripiwa kwa kumsaidia Daniel.

Lafudhi yao inanishinda. Na naweza kuitazama na familia? (Msomaji, Morogoro)

Washa maandishi chini ya picha, hata mimi niliyawasha. Matusi yamo tele, Uingereza waliiruhusu kwa miaka 15 kwenda juu. Mkwe akiwepo sebuleni, subiri aondoke.