Mtoto wa kilo tatu, jentamisini mg 15: moja na nusu imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili diploma ya uuguzi, sasa hivi nipo mafunzo kwa vitendo wodi ya watoto wachanga. Tulikuwa na mtoto wa siku tatu, kilo 3 kamili, kaandikiwa antibiotiki ya jentamisini mg 15 mara moja kwa siku. Ampuli zetu, vile vichupa vya dawa ya sindano, zimeandikwa mg 80/ml 2. Nikapiga hesabu nikapata ml 0.375. Sista niliyekuwa naye zamu, mtu wa miaka mingi kazini, akasema, "Mtoto wa kilo tatu ni moja na nusu, hiyo haina haja ya kalamu." Mfamasia alipopigiwa simu akasema 0.375, mtoto akapewa hiyo, lakini sista bado anashikilia kwamba amekuwa akitoa moja na nusu miaka yote na hajawahi kudhuru mtoto. Inawezekanaje? Na 0.375 inapimwaje kwenye sirinji? La mwisho, dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 10 tunaitengeneza kutoka ile ya 50, na kila mtu ana kiasi chake cha maji.

JIBU: Marahaba. Hesabu yako iko sawa. Na sista wako, kwa jinsi ulivyoeleza, sidhani kama anasema uongo. Moja na nusu ni jibu sahihi kabisa, ila ni jibu la ampuli nyingine.

Jentamisini inakuja kwenye ampuli za ml 2 zenye nguvu tofauti. Kuna ya mg 80 na kuna ya watoto ya mg 20. Ujazo ni uleule, dawa yenyewe ni maji yasiyo na rangi kwenye zote mbili, na tofauti iko kwenye tarakimu mbili za lebo ambazo saa tisa usiku hazisomeki vizuri. Kwenye ile ya mg 20, kila ml moja ina mg 10, kwa hiyo mg 15 ni ml 1.5. Ndiyo hiyo namba ya sista. Mtu akifanya kazi na boksi hilo muda mrefu, namba inaganda kichwani kama namba ya simu ya nyumbani. Siku boksi la mg 80 linaingia wodini, hakuna anayekuja kuifuta.

Sasa chukua ml 1.5 kutoka ampuli ya mg 80. Kila ml ina mg 40, kwa hiyo umevuta mg 60. Kwa kilo 3 hiyo ni mg 20 kwa kila kilo, wakati tunakusudia mg 5 kwa kilo kwa mtoto wa wiki ya kwanza mwenye uzito wa kawaida. Mara nne. Na jentamisini ni dawa ambayo ikizidi inagusa figo na masikio, na masikio hayarudi.

Utaona kwamba sikutumia kanuni mliyokariri darasani, ile ya dozi unayotaka gawanya kwa dozi uliyonayo zidisha kwa ujazo. Si mbaya, 15 gawanya kwa 80 zidisha kwa 2 inakupa 0.375 bila tatizo. Shida yangu nayo ni kwamba ukisahau ile 2 ya mwisho unapata 0.1875, na namba hiyo inaonekana ya heshima tu, haina dalili ya kosa. Mimi nawafundisha wanafunzi waulize kitu kimoja kabla ya kugusa kalamu: ml moja ina mg ngapi? Hapa 80 gawanya kwa 2, ni 40. Baada ya hapo unaweza kupanda ngazi kwa kichwa. Ml moja ni mg 40. Robo yake, ml 0.25, ni mg 10. Nusu ya hiyo robo, ml 0.125, ni mg 5. Mg 10 na mg 5 ni 15, na 0.25 na 0.125 ni 0.375. Hujatumia kikokotoo na kila hatua unaiona.

Halafu kabla hujavuta dawa, kadiria. Ampuli nzima ni mg 80, robo yake ni mg 20, na robo ya ml 2 ni nusu ml. Unataka mg 15, pungufu ya hiyo robo. Kwa hiyo jibu lolote linalozidi ml 0.5 ni kosa, hata kama limetoka kwa profesa. Kadirio hili peke yake lingemaliza ubishi wenu.

Kwa wagonjwa wakubwa kuna kengele moja ambayo haiko kwenye kitabu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika ".5 ml" kwenye karatasi, bila sifuri mbele. Mwenzangu akasoma 5. Dawa yenyewe ilikuwa kwenye ampuli za ml 2, na alipofikia kuvunja ya tatu akasita, akaja kuniuliza mbona nyingi hivi. Ampuli ndiyo ilituokoa, maana watengenezaji huzipima kwa kumfikiria mtu mzima, na ukijikuta unavunja ya tatu kwa mgonjwa mmoja, mwili wenyewe unagoma. Tangu siku hiyo naandika 0.5 na sifuri yake mbele, na siandiki 5.0 kamwe, kwa sababu nukta ikififia inakuwa 50. Lakini kwa kichanga kengele hiyo haipo. Ampuli moja ya mtu mzima inatosha kabisa kumdhuru, na bado utabakiwa na dawa ya kumwaga. Ndiyo maana wodi uliyopo haina nafasi ya namba za kukariri.

Kuhusu kupima. Sirinji ya ml 5 kwa kawaida ina mistari ya kila ml 0.2, ya ml 2 ina ya kila 0.1. Hakuna mojawapo inayoweza kukupa 0.375, utakuwa unabahatisha kati ya mistari. Chukua ya ml 1, yenye mistari ya 0.01. Pima 0.37 au 0.38, usijisumbue kutafuta katikati: tofauti ya ml 0.005 ni mg 0.2 tu ndani ya 15. Soma kwenye ukingo wa mpira unaogusa dawa, sirinji ikiwa usawa wa macho na mapovu yametoka.

Hapa kuna kosa ambalo hata wazoefu hulifanya. Kwenye shingo ya sirinji na ndani ya sindano hubaki dawa kidogo ambayo haimo kwenye kipimo chako. Ukipima 0.375 halafu ukavuta maji ndani ya sirinji hiyohiyo ili kuongeza ujazo, yale mabaki yanaingia nayo, na mtoto anapata zaidi ya ulichopima. Kwa ml 3 haina maana, kwa ml 0.375 ina maana. Ukitaka kuongeza maji, dawa uliyoipima imwage ndani ya sirinji nyingine kubwa yenye maji tayari.

Wodi nyingine hukwepa vipimo vidogo kwa kuchanganya kwanza: ampuli ya mg 80, ambayo ni ml 2, unaiongezea ml 6 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Jumla ml 8, mg 80, kila ml mg 10. Na sasa, tazama, mg 15 inakuwa ml 1.5! Huenda hata moja na nusu ya sista ilianzia hapo. Ila muongeze sita, msiongeze nane. Anayeongeza nane anapata jumla ya ml 10, yaani mg 8 kwa ml, na mtoto anapewa mg 12 badala ya 15.

Ubishi wenu wa dekstrosi ni kosa hilohilo limevaa nguo nyingine. Asilimia 50 maana yake ni gramu 50 kwenye kila ml 100, na asilimia 10 ni gramu 10 kwenye ml 100. Chukua ml 10 za asilimia 50: ndani yake kuna gramu 5. Gramu 5 ili ziwe asilimia 10 zinahitaji jumla ya ml 50. Kumi unazo tayari, kwa hiyo maji ya sindano ni 40. Moja kwa nne. Anayesema moja kwa tano amechanganya jumla na nyongeza, na atapata kama asilimia 8.3. Mtoto wako wa kilo 3 sukari ikishuka, ml 2 kwa kilo za hiyo asilimia 10 ni ml 6.

Na sista. Usimpelekee daftari lenye hesabu, atakuona mtoto wa shule unayemsahihisha. Tafuta ampuli ya mg 20, hata tupu, famasia hawakosi. Iweke kwenye trei pembeni ya ile ya mg 80, kisha umwambie, "Sista, naomba unisomee lebo hizi mbili, macho yangu yananichanganya."