Bodi ya Filamu haikupi hela, ila bila karatasi zake hela huipati

Kila wiki lazima niamke na meseji ya aina hii WhatsApp: "Kaka shikamoo, nina stori kali sana, nielekeze Bodi ya Filamu wanapotoa hela." Na kila wiki najibu yaleyale, sasa leo nimeamua niandike mara moja tumalizane, maana hata mimi nilipoanza nilikuwa nawaza hivyohivyo, nilijua ukiwa na skripti nzuri unaingia ofisini unatoka na cheki.

Bodi ya Filamu Tanzania sio benki. Ipo kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, na kazi zake kubwa ni kutoa vibali vya kushuti, kuikagua filamu na kuipangia daraja la umri kabla watu hawajaiona. Pembeni ya hapo wanaendesha mafunzo mikoani, na tangu 2021 wana tamasha na tuzo zao, lile la kwanza lilifanyika Mbeya. Hela iko mlango mwingine, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na huko nako kinachotolewa ni mkopo, unapitia benki na unarudishwa. Rafiki yangu mmoja kusikia tu neno "rejesho" akaniambia nitakupigia baadae, mpaka leo.

Najua mtasema mbona wenzetu wanapewa bure. Ni kweli, Afrika Kusini wana NFVF, taasisi yao ya taifa ya filamu na video, imeundwa kwa sheria ya 1997, inatoa ruzuku kuanzia kuandika skripti mpaka kutengeneza. Ufaransa wana CNC, taasisi yao ya serikali ya sinema, tangu 1946, wale wanakata sehemu ya kila tiketi ya sinema, hata ukienda kuangalia filamu ya Marekani, ile hela inarudi kutengeneza filamu nyingine. Sasa niambie, hapa kwetu tukate tiketi gani? Kumbi za sinema nchi nzima unahesabu kwa vidole, watu wanaangalia kwenye simu na kwenye vibanda umiza. Mimi ruzuku naitaka kama mnavyoitaka nyie, siku ikija nitakuwa wa kwanza foleni, ila leo naongelea kilichopo mezani.

Haya, nilivyoumia.

Filamu yangu ya kwanza niliishuti kando ya ziwa, mwalo mmoja wa samaki, tulifika saa kumi na moja alfajiri ili tuwahi ule mwanga wakati mitumbwi inarudi na dagaa. Nimekodi kamera kwa siku, nina waigizaji sita, mama wa chakula na bodaboda wawili wa kubeba vitu. Shoti ya tatu akaja mgambo, akauliza kibali. Nikamuonyesha barua ya mtendaji wa mtaa, nikiwa na uhakika kabisa. Akaisoma taratibu, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, akanirudishia. "Hii inasema unakaa mtaa huu, haisemi uchukue picha." Tukakaa pale tukiangalia jua linapanda na dagaa wanaanikwa, saa nne tukafunga vitu, na hela ya kamera ililipwa yote kama kawaida. Nilimkasirikia yule mgambo wiki nzima, na hakuwa na kosa lolote, mimi ndio nilikuwa nashuti kimyakimya kama mwizi.

Kwa hiyo anza na kibali, na wala usianzie Dodoma wala Dar. Nenda halmashauri kwako umuone Afisa Utamaduni. Watu wanamdharau sana huyu afisa, wanadhani kazi yake ni ngoma za mwenge tu, kumbe sheria ya filamu inatambua bodi za mkoa na wilaya na yeye ndio unakutana naye huko. Wa kwangu alinikalisha chini akaipitia skripti yangu ukurasa kwa ukurasa kabla sijaituma, akaniambia hapa una askari anapokea rushwa akiwa na sare kamili, jiandae kuulizwa. Kweli nikaulizwa, ila nilishajiandaa. Usajili na malipo siku hizi ni mtandaoni, unapata kontrol namba unalipa kwa simu, risiti usiifute, ipige picha ukae nayo.

Sasa benki. Nilienda na faili langu nikiwa nimevaa shati la kuazima, nikakutana na mama mmoja mtu mzima, mstaarabu sana. Skripti hakuigusa. Nilikuwa nimeiprinti rangi mpaka kava! Akaenda moja kwa moja kwenye bajeti, anateremka na kalamu mstari kwa mstari, akafika chini akasimama.

"Mengineyo milioni moja na laki mbili. Mengineyo ndio nini mwanangu?"

Nikaanza kujiuma, oh dharura mama, usafiri, vocha. Akasema usafiri umeshaandika huku juu. Halafu akauliza swali ambalo tangu siku hiyo ndio naanza nalo kabla hata sijaandika sini ya kwanza: "Filamu ikiisha ananunua nani?" Nikajibu tutaweka Youtube. Akavua miwani. Hakusema kitu, aliniangalia tu vile mama anavyomuangalia mtoto aliyesema atakuwa rubani, nikajua leo narudi mikono mitupu.

Ule mkopo sikuupata, na nikiangalia nyuma nashukuru, maana ningerudisha na nini? Youtube ya chaneli yenye watu mia nne haiwezi kulipa rejesho la kila mwezi. Mara ya pili nilichofanya, nilitafuta mnunuzi kwanza. Wanunuzi wapo, Azam wana chaneli ya Sinema Zetu, DStv wana Maisha Magic Bongo, na kila mmoja ana aina ya stori anayoitaka, urefu anaoutaka na ubora wa picha na sauti anaoutaka. Nilipata barua ya kituo inayosema tu kwamba wameona wazo, wamelipenda na wako tayari kuiangalia kazi ikikamilika. Sio mkataba, ni barua ya aya mbili, lakini yule mama aliposhika ile barua kalamu ilitulia. Nikaomba kidogo pia, milioni sita badala ya kumi na tano, filamu nikaipunguza kutoka lokesheni tisa mpaka tatu, na mengineyo nikayagawa yakawa na majina: betri, maji ya kunywa, dawa, faini ya kuchelewesha vifaa. Ikapita.

Na msije mkafanya ujinga wa kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, "ya kusubirishia" mkopo utoke. Mkopo wa Mfuko unachukua muda wake, kausha damu inahesabu siku kwa siku. Kuna dairekta namfahamu friji ilibebwa waigizaji wakiwa sebuleni wanafanya rihaso.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu aliwahi kuniambia ni mikataba ya washkaji, na hapa nitaongea kidogo kwa uchungu. Muziki wa filamu alinipigia mwanangu wa siku nyingi, tumekua wote, tukakubaliana kwa mdomo nikamtoa laki moja na nusu na chipsi kuku. Filamu imeisha, imekaguliwa, imepata daraja, kituo kinataka kununua, wanasema leta karatasi za kila kitu kilichomo ndani: mwandishi, waigizaji, muziki. Nikamfuata mwanangu asaini. Alishasikia kuna TV. Akataka milioni mbili. Hatukugombana, niliondoka tu, nikakaa na kijana mwingine wiki mbili tukaufanya muziki wote upya, safari hii kijana alisaini hata kabla hajawasha kinanda, na rejesho la mwezi ule nikalilipa kutoka hela ya ada ya mtoto. Skripti yako isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kila aliyetia mkono wake asaini hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja, tena asaini kabla ya kushuti wakati bado hakuna hela ya kugombania.

Wazee wa enzi za CD wanalielewa hili kuliko sisi. Walikuwa wanashuka Kariakoo na mzigo, tajiri anawapa hela taslimu, wanasaini karatasi moja bila kusoma, na filamu imeondoka jumla na haki zake zote. Leo zinarushwa kwenye TV usiku na mwenye filamu anaangalia na familia yake, hapati hata mia. Ukipata mkataba wa kituo angalia muda, ni miaka mingapi, na ni wa kituo hicho tu au wa dunia nzima. Ukiwa huelewi mpe mtu anayeelewa asome, elfu hamsini ya mwanasheria ni rahisi kuliko hasara ya hapo baadae.

Swali la mwisho mnaloniuliza sana ni kama lazima uwe na mtu ndani. Mimi sikuwa naye. Nilikuwa na kitambulisho cha NIDA, TIN, jina la biashara BRELA, kibali, barua ya kituo, mikataba kumi na moja iliyosainiwa, na bajeti isiyo na mengineyo. Yule mama wa benki mpaka leo hajui filamu yangu inahusu nini. Nimebakiza marejesho mawili, ya mwezi huu nalipa Ijumaa.