Malisho yaliyobaki udongo mtupu Kajiado: mbolea au mbegu?

Ndugu mfugaji, nimekuelewa: malisho yamebaki udongo mgumu, nawe unauliza kama mbolea ya dukani itayarudisha. Peke yake haitafaa, kwani pasipo mizizi ya kuinyonya husombwa na mvua. Kabla ya mvua za vuli, pasua udongo kwa plau ya ng'ombe, ukikata mifereji inayokingama mteremko ili maji yatuame, kisha tandaza samadi iliyooza na usie juujuu mbegu za Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, nyasi za asili zinazostahimili ukame kuliko boma rhodes, aina nyingine ya nyasi za malisho. Mbegu zilizovunwa karibuni huchelewa kuota. Tafuta za msimu uliopita. Mifugo isiingie hadi nyasi zidondoshe mbegu, na hapa ndipo wengi hushindwa. Ukiona chumvi nyeupe ardhini, pima udongo kwanza. Watafiti wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, kituo cha Kiboko, wanayajua maeneo makavu.