Kabla ya kubadilisha transista za amplifaya, kagua umeme wake

Amplifaya nyingi ninazoletewa zimeshapitia kwa fundi mwingine, na habari yake huwa ni ileile. Ilikata fyuzi, fundi akaweka transista mpya, akaiwasha, zikaungua papo hapo. Mteja amelipia vipuri mara mbili na msikiti au kanisa bado halina sauti. Inaniuma, kwa sababu hasara hiyo inazuilika kwa glopu moja.

Vijana mnaoanza kazi hii, kabla ya kufikiria vifaa vya bei kubwa, tengenezeni taa ya majaribio. Chukua holda na glopu ya nyuzi ya wati 100 (taa ya LED haifai), ukate waya wa laivu (wenye umeme) unaokwenda kwenye soketi utakayochomeka amplifaya, kisha uunge glopu hapo katikati ili umeme upite kwanza kwenye glopu ndipo ufike kwenye amplifaya. Fungia kila kitu ndani ya boksi, maana hiyo ni volti 230. Ukiwasha amplifaya isiyo na hitilafu, glopu inang'aa kidogo kapasita (vifaa vinavyohifadhi umeme) zikijaa, halafu inafifia. Ikiendelea kung'aa, ndani kuna shoti, na glopu imezuia umeme usizimalize transista. Kwa amplifaya ndogo tumia ya wati 60. Glopu hizi zinaadimika madukani, kwa hiyo ukizikuta weka akiba.

Hatua inayofuata ni kutenganisha pawasaplai (sehemu inayoipa amplifaya umeme) na bodi ya sauti. Toa fyuzi za DC (umeme wa mkondo mnyoofu) au chomoa waya zinazokwenda kwenye bodi, upime pawasaplai ikiwa peke yake. Transfoma ya 25-0-25, yaani volti 25 za AC (mkondo geu) kila upande, inatakiwa kukupa volti 35 hivi za DC kila upande, au zaidi kidogo kwa kuwa haina mzigo, kwani kapasita hujaa hadi kilele cha wimbi, yaani mara 1.41 ya volti za AC. Upande mmoja ukipungua sana, usiguse transista yoyote bado. Tafuta daiodi iliyokatika, risasi ya kuungia iliyopasuka kwenye miguu ya kapasita, au waya wa transfoma uliolegea.

Amplifaya inayovuma ina kipimo chake rahisi. Punguza sauti hadi sifuri. Mvumo ukibaki palepale, shuku kapasita za pawasaplai, hasa zilizovimba kichwa. Mvumo ukiondoka, angalia waya wa maikrofoni na uungaji wake wa athi.

Kapasita za mikrofaradi 10,000 hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Zimalize kwa rezista ya omu 100 ya wati 5. Bisibisi inayogusishwa miguuni huharibu kapasita, na cheche yake inaweza kukufika machoni.

Pawasaplai ikiwa salama, sasa ingia kwenye transista. Pima zote, na pia zile ndogo zinazozisukuma, na rezista za omu 0.22 zilizo kwenye emita (mguu mmoja wa transista), kwa sababu transista ikipigwa shoti mara nyingi hizo nazo hukatika. Pima kati ya kolekta (mguu mwingine wa transista) na hitisinki (chuma cha kupoza), maana karatasi ya maika inayozitenganisha ikitoboka inarudisha shoti ileile. Kuhusu transista za 2SC5200 na 2SA1943, bandia zimejaa sokoni. Vunja moja iliyoungua uangalie kipande cha silikoni ndani. Kikiwa kidogo mno, badilisha duka.

Kabla ya kuunga spika, pima DC kwenye tundu zake. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti zote za pawasaplai, spika ikiungwa koili yake itaungua.

Ukaguzi wa redio za mawasiliano za 27 MHz za magari nao huanzia kwenye umeme. Nyingi zilizokufa ghafla ziligeuziwa waya za betri, na daiodi ya ulinzi ikapiga shoti. Kama inapokea vizuri lakini inazima ukibonyeza maikrofoni, pima volti wakati huohuo wa kubonyeza. Zikishuka kutoka 13.8 hadi 11, kosa liko kwenye pawasaplai au waya mwembamba. Usibonyeze bila antena au mzigo wa omu 50, utachoma transista ya kurushia.

Ukishamaliza amplifaya, iache icheze kwa saa moja kupitia glopu, sauti ikiwa ndogo, kisha bila glopu, ukipima joto la hitisinki kila mara. Fyuzi ya ampea 5 irudishwe ya ampea 5, na ule waya wa shaba uliokuwa umefungwa mahali pake utupwe.